Bei ya Farasi Asiyepewa Nafasi

Tarehe 8 Aprili 1967, mbio za Grand National zilipoanza pale Aintree, Liverpool, mkufunzi wa farasi Foinavon hakuwepo uwanjani. John Kempton alikuwa Worcester, kwenye mbio nyingine, na farasi mwingine aliyemwona ana matumaini zaidi. Mwenye farasi naye hakusafiri. Farasi 44 wakaondoka, na karibu hakuna aliyekuwa na habari na huyu.

Walipofika kiunzi cha 23, mojawapo ya viunzi vifupi kabisa vya Aintree, Popham Down, farasi aliyekuwa akikimbia bila mpanda tangu mwanzo wa mbio, aliwakatiza wenzake. Waliokuwa mbele wakasimama ghafla, waliofuata wakawavaa, joki wakamwagika huku na huku. Foinavon alikuwa nyuma kiasi cha kumpa joki wake, John Buckingham, muda wa kuona balaa lile na kutafuta upenyo. Wakaruka safari ya kwanza, wakatokea upande wa pili peke yao. Honey End, kipenzi cha wachezaji siku ile, alimfukuza mpaka mwisho na bado akaachwa kwa urefu wa farasi 15. Kiunzi kile leo kinaitwa Foinavon.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha bahati, na bahati ilikuwepo kweli. Kinachonishika mimi ni malipo. Waliocheza kwa wapokea dau walilipwa 100 kwa 1. Waliokata tiketi kwenye mfuko wa pamoja wa Tote walilipwa 444 kwa 1. Farasi ni yule yule, kiunzi ni kile kile, dakika ni zile zile. Aliyesimama kwenye foleni hii alipata zaidi ya mara nne ya aliyesimama kwenye foleni ile, na wote wawili walikuwa wamebashiri jambo moja.

Kwa hiyo mtu anapouliza kama inafaa kumchezea farasi asiyepewa nafasi, swali lake halina jibu mpaka ataje bei. Nafasi ndogo ya kushinda ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni kiasi unacholipwa kwa kuibeba hatari hiyo. Mchezaji mzuri hutazama pande zote mbili kwa pamoja, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika, maana moyo wa binadamu hupenda kuutazama upande mmoja tu.

Tuuangalie mfuko wa pamoja, kwa sababu ndio mfumo unaotumika katika viwanja vingi duniani. Uliasisiwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860. Madau yote huingia kapu moja, mwenye uwanja hukata sehemu yake, kinachobaki hugawiwa wale waliompata mshindi. Hakuna mtu anayepanga bei. Wachezaji wenyewe huipanga kwa fedha zao. Tuseme kapu lina shilingi 1,000,000, na makato ni asilimia 17. Zinabaki 830,000. Ikiwa farasi mmoja amewekewa shilingi 10,000 tu, akishinda kila shilingi moja italipwa 83, yaani 82 kwa 1 ukitoa mtaji. Umma umetamka kwa fedha zake kwamba farasi huyu ana nafasi moja katika mia. Ikiwa kwa kweli ana nafasi moja katika 60, ile tiketi yako ya shilingi 100 ina thamani ya shilingi 138 hata kabla mbio hazijaanza. Ikiwa ana nafasi moja katika 200, ina thamani ya shilingi 41 na senti kidogo. Ubao utakuonyesha namba ile ile katika hali zote mbili. Ni kama samaki wa jioni pale soko la Feri, Dar es Salaam: bei imeshuka, na kazi imebaki kwako kujua kama imeshuka kwa sababu wanunuzi wameondoka au kwa sababu samaki ameanza kuharibika.

Mara nyingi ameanza kuharibika. Hili nalisema mapema ili pasiwe na mtu wa kupotoshwa na visa vya ushindi. Mwaka 2010 wanauchumi Erik Snowberg na Justin Wolfers walichapisha katika Journal of Political Economy uchambuzi wa rekodi zaidi ya milioni 6 za farasi walioingia mbioni Marekani kati ya 1992 na 2001. Aliyemchezea kipenzi katika kila mbio alipoteza takriban asilimia 5.5 ya fedha zake. Aliyechagua kiholela alipoteza takriban asilimia 23. Aliyewachezea farasi wa 100 kwa 1 na zaidi alipoteza takriban asilimia 61. Yaani wale wanaolipa sana ndio wanaouzwa ghali kupita wote. Malipo yao ni makubwa kwa macho, ila bado hayatoshi kwa hatari waliyonayo. Jambo hili si geni kwa watafiti. Richard Griffith alikuwa ameliandika tangu 1949.

Msomaji anayetandika mikeka ya mpira anaweza kudhani haya ni mambo ya Wazungu na farasi wao. Hebu tufanye hesabu. Tuseme kampuni inakata asilimia 5 katika bei ya kila mechi. Ukicheza mechi moja, katika kila shilingi 100 unabakiwa na thamani ya shilingi 95. Ukiunganisha mechi 10 kwenye mkeka mmoja, makato yale yanajirudia mara 10, na katika shilingi zako 100 inabaki thamani ya takriban shilingi 60. Asilimia 40 imeondoka kabla refa hajapuliza filimbi. Mkeka mrefu wenye malipo ya kutisha ni ndugu wa damu wa farasi wa 100 kwa 1, na vijana wetu wengi, Dar es Salaam na Nairobi, Mwanza na Kisumu, huununua kila wikendi kwa bei hiyo. Naumia ninapoona hivyo. Hakuna aliyewaambia kwamba urefu wa mkeka wenyewe ni gharama.

Kwa nini umma huwapenda hivyo farasi wasio na nafasi? Daniel Kahneman na Amos Tversky, katika makala yao ya 1979, walieleza jinsi akili inavyozikuza nafasi ndogo sana. Moja katika mia na moja katika mia tatu zinasikika kama ndugu, ingawa mmoja ni mara tatu ya mwenzake. Walitaja pia jambo ambalo yeyote aliyekaa uwanjani mpaka jioni amelishuhudia: kadiri siku inavyokwenda, watu huzidi kuwakimbilia farasi wa malipo makubwa. Wamepoteza tangu asubuhi na hawajakubaliana na hasara yao, kwa hiyo wanatafuta tiketi moja ya kuifuta yote kabla ya kurudi nyumbani. Mbio za mwisho za siku zimejaa fedha za namna hii.

Na kuna fedha za mapenzi. Haru Urara, farasi jike wa Japani, alishindwa mbio zake zote 113. Nchi nzima ilimpenda. Watu walinunua tiketi zake na kuzihifadhi kama hirizi ya kuwakinga na ajali za barabarani. Machi 2004, katika uwanja wa Kochi, joki bingwa Yutaka Take alimpanda, na farasi ambaye hakuwahi kushinda hata mara moja akageuka kipenzi cha mbio. Alimaliza wa 10 kati ya 11. Sina neno baya kwa wale waliomnunua; walilipia furaha na waliipata. Lakini tazama upande wa pili wa kapu. Kila yeni iliyowekwa kwa Haru Urara iliwaongezea bei farasi wengine 10. Katika mfuko wa pamoja kosa la wengi halipotei hewani. Huhamia kwenye malipo ya wale waliosahauliwa.

Hapo ndipo kazi ya kutafuta inapoanzia. Farasi mwenye malipo makubwa ana sababu ya kudharauliwa, daima. Umma si mjinga. Unamjua aliyeshindwa juzi, unamjua mkufunzi asiye na jina, unamjua joki asiyeshinda. Sababu nyingi kati ya hizo ni za kweli na farasi anazo mwilini mwake: ni mzito, ni mzee, ana miguu mibovu, amewekwa kwenye daraja lililomzidi. Huyo mwache hata akilipa 200 kwa 1. Anayefaa kufuatwa ni yule ambaye sababu yake unaweza kuitaja kwa sentensi moja, kisha ukaonyesha kwamba leo haipo, au kwamba tangu mwanzo ilikuwa ya watazamaji zaidi kuliko yake yeye.

Arcangues ni mfano ninaoupenda. Novemba 1993, huko Santa Anita, California, aliingia katika Breeders' Cup Classic akitokea Ufaransa, kwenye zizi la André Fabre. Alikuwa hajawahi kukimbia kwenye udongo. Mbio zake zote zilikuwa za nyasi. Joki Jerry Bailey alipewa farasi asiyemjua. Umma wa California ukamtazama mgeni huyu na kumwacha: zaidi ya 133 kwa 1. Akashinda, na tiketi ya dola 2 ikalipa dola 269.20, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na mshindi mwingine wa mbio hizo.

Sasa tuitaje sababu yake. Umma ulisema: hajagusa udongo. Kweli kabisa. Ila kutogusa udongo maana yake haijulikani atafanya nini juu yake, na haijulikani ni tofauti na hawezi. Wakati huohuo kuna jambo lililojulikana, ila Ulaya zaidi kuliko Los Angeles: mwaka huohuo Arcangues alikuwa ameshinda Prix d'Ispahan, mbio za daraja la juu kabisa Ufaransa. Farasi wa uwezo ule, akiwa na swali moja tu lisilojibiwa, aliuzwa kwa bei ya farasi aliyekwisha kujibu vibaya maswali yote. Sidai kwamba mtu angeweza kujua atashinda. Nasema mtu angeweza kuona kwamba 133 ni nyingi mno.

Kisa kingine ni cha karibuni zaidi. Rich Strike, aliyeshinda Kentucky Derby tarehe 7 Mei 2022 kwa malipo ya 80 kwa 1, alikuwa ameuzwa dola 30,000 tu miezi minane kabla. Marekani kuna mbio ambamo kila farasi anayeingia anakuwa amewekewa bei, na mwenye leseni anaweza kumnunua kabla hawajaondoka. Mkufunzi Eric Reed na mmiliki Rick Dawson walimchukua kwa njia hiyo Septemba 2021. Reed mwenyewe alikuwa mtu aliyeonja msiba: Desemba 2016 moto uliteketeza banda lake na farasi 23 wakafa usiku mmoja. Derby yenyewe Rich Strike aliingia kwa tundu la sindano. Orodha ilikuwa imejaa, akawa wa akiba, na asubuhi ya Ijumaa, sekunde chache kabla ya muda wa mwisho, farasi mmoja akaondolewa. Akapata nafasi ya nje kabisa kwenye geti, mgongoni namba 21.

Sababu ya kudharauliwa ilikuwa wazi. Mbio zake tatu za mwisho hakushinda hata moja, joki Sonny Leon alikuwa mtu wa viwanja vidogo, na farasi mwenyewe aliwahi kuuzwa kwa bei ambayo ni mfano wa senti katika ulimwengu wa Derby. Lakini zile mbio tatu zilikuwa Turfway Park, kwenye njia ya sintetiki. Na ule ushindi wake mmoja, siku ileile aliyonunuliwa, aliupata kwenye udongo wa Churchill Downs, uwanja uleule wa Derby, kwa urefu wa farasi 17 na robo. Mtu huisoma karatasi ya mbio kuanzia juu, mbio za karibuni kwanza, na akishaona tatu mbaya hushuka kwa farasi anayefuata. Taarifa iliyohitajika ilikuwa mistari michache tu chini yake.

Kuna na jambo la kasi. Mchambuzi mwangalifu, kabla ya kupima ubora wa farasi, huuliza nani atakimbilia mbele. Farasi wengi wenye pupa ya kuongoza wakiwekwa pamoja, huuana wenyewe kwa wenyewe, na wale wa nyuma hurithi. Siku ile Summer Is Tomorrow, aliyetoka kwenye zizi la Dubai, alichomoka kama aliyefungiwa, Crown Pride wa Japani akiwa ubavuni mwake. Robo maili ya kwanza ilikwisha kwa sekunde 21.78. Haijawahi kuonekana robo ya kwanza ya kasi kama hiyo katika historia ya Derby. Nusu maili, sekunde 45.36. Rich Strike wakati huo alikuwa na farasi zaidi ya 15 mbele yake, akipumua taratibu kwenye ukuta wa ndani.

Kipande cha mwisho kinastahili kutazamwa polepole kwenye video iliyopigwa kutoka juu. Waliokimbilia mbele wanarudi nyuma kama watu waliokanyaga tope. Epicenter na Zandon wanashindana katikati ya njia, bega kwa bega, na mtangazaji hana macho kwa mwingine. Leon anamleta farasi wake ndani, anakuta Messier amemzibia, anamtoa nje hatua chache, anampita, anamrudisha ukutani. Yote hayo bila kupunguza mwendo. Mtangazaji anamtaja zikiwa zimebaki hatua chache sana. Wakamaliza, yeye mbele kwa robo tatu ya urefu. Dola 2 zililipa 163.60. Katika historia yote ya Derby ni Donerail peke yake, mwaka 1913, aliyeshinda kwa malipo makubwa kuliko hayo: 91 kwa 1.

Je, ilikuwa bei nzuri? Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa kusema alishinda, basi ilikuwa nzuri. Mbio moja haithibitishi kitu. Foinavon naye alishinda. Rich Strike hakushinda tena hata mara moja baada ya siku ile. Wa sita kwenye Belmont, wa nne kwenye Travers, wa pili kwa kichwa tu kwenye Lukas Classic. Njia ya haki ya kumpima ni hii: kulikuwa na farasi 20, kwa hiyo wa wastani ana nafasi ya asilimia 5. Ili 80 kwa 1 ikulipe unahitaji kuamini kwamba ana zaidi kidogo ya asilimia 1.2, yaani robo ya wastani. Kwa farasi aliyewahi kuwaacha wenzake urefu wa 17 kwenye udongo uleule, anayekimbia kutoka nyuma, katika mbio zilizojaa wakimbiaji wa mbele, naamini alikuwa nayo na ziada. Nisingemtetea kwa 30 kwa 1. Na angemaliza wa 15 hukumu yangu ingekuwa hiihii.

Kuamini peke yake, hata hivyo, ni hatari, na anayelijua hilo kuliko wote ni Bill Benter. Huyu Mmarekani alianza kwa kuhesabu karata Las Vegas, kisha katikati ya miaka ya 1980 akaenda Hong Kong pamoja na Alan Woods wa Australia kujenga programu ya kompyuta ya kukadiria nafasi ya kila farasi. Mwaka 1994 alichapisha maelezo ya kazi yake, na jambo lililo zito humo ni unyenyekevu. Aligundua kwamba pale programu yake ilipotofautiana sana na umma, mara nyingi programu ndiyo iliyozidisha. Ilikuwa haioni mambo ambayo fedha za umma zilikuwa zinayaona. Dawa yake ilikuwa kuziingiza bei za umma ndani ya hesabu yake, ili makadirio ya mwisho yawe mchanganyiko wa sauti mbili. Ndipo akaanza kupata faida kubwa. Kwa mtu asiye na kompyuta somo hilo lina umbo jepesi: ukiona farasi wa 40 kwa 1 na wewe unamwona wa 5 kwa 1, uwezekano mkubwa ni kwamba kuna kitu hukioni. Ukimwona wa 24, endelea kumchunguza.

Tumfuate huyo wa 24 mpaka mwisho. Nafasi yake ni asilimia 4, malipo 40 kwa 1. Ukimpata farasi kama huyo mara 100 na kila mara ukaweka shilingi 100, utatoa 10,000 na kutarajia kurudishiwa 16,400. Hakuna biashara mtaani inayoleta faida hiyo. Na bado utapoteza mara 96 katika hizo 100. Uwezekano wa kupoteza mara 50 mfululizo, bila hata tone la kukufariji, ni takriban asilimia 13. Nani anaweza kukosa mara 50 na akabaki na imani ileile, akiandika makadirio yaleyale kwa utulivu uleule? Wengi huvunjika mara ya 20. Wanaongeza dau ili kufidia, au wanahamia kwa vipenzi wiki moja kabla ya mavuno. Mwaka 1956 John Kelly wa maabara za Bell alitoa kanuni ya ukubwa wa dau, na ukiiweka kwenye mfano wetu inakuambia uweke asilimia 1.6 tu ya mtaji. Mwenye 10,000 aweke 160. Faida ni nono namna hiyo na kanuni bado inasema 160, kwa sababu inajua njaa itakuwa ndefu. Wenye busara huweka hata nusu ya hapo.

Wako wasomaji ambao dini yao imeufunga mlango huu moja kwa moja, na ninawaheshimu. Pale Dubai, Dubai World Cup ilipoanzishwa 1996, ilikimbiwa bila madirisha ya kupokea dau, na uwanja ulijaa. Kukadiria nafasi ya farasi, kuiandika na kuilinganisha na kilichotokea hakuhitaji hata senti. Ni zoezi la akili, na linamfaa pia mkulima anayepima mvua na daktari anayepima dalili.

Kwa anayetaka kwenda, sisi tuna Ngong Racecourse, Nairobi, ambako mbio huendeshwa na Jockey Club of Kenya. Mandhari yake ni ya kupendeza na familia huja na watoto. Lakini jua unachokikuta. Mara nyingi farasi ni wachache, hawafiki kumi, na katika kundi dogo hakuna msongamano wa kumficha mtu kama Rich Strike. Kapu nalo likiwa dogo, dau lako lenyewe huharibu bei: kwa makato yaleyale ya asilimia 17, farasi aliyewekewa shilingi 1,000 kwenye kapu la 100,000 analipa 83, ukiongeza 1,000 yako malipo yanashuka mpaka karibu 42. Umejiharibia mwenyewe kile ulichokigundua.

Simama kwanza pale farasi wanapozungushwa kabla ya mbio. Mtazame anayetembea kwa hatua ndefu, masikio mbele, ngozi kavu inayong'aa. Mtazame na yule mwenye povu jeupe la jasho katikati ya mapaja, anayevutana na mtunzaji. Huyo nguvu zake zinaishia pale. Halafu, kabla hujautazama ubao, chukua penseli uandike bei yako kwa kila farasi, na hakikisha nafasi ulizozigawa zinajumlika kuwa asilimia 100. Ukishamaliza, linganisha. Ukimwona aliyepishana na ubao kwa mbali, andika sababu ya umma kumkataa, kisha andika kwa nini haipo leo. Mbio nyingi hazitakuwa na farasi wa namna hiyo, na siku nzima yaweza kupita bila hata mmoja. Sentensi ya pili ikikataa kuandikika, usikate tiketi.